Mzigo wa mwenzio

Wahenga husema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Leo tupime neno hilo kwa jambo la siku zetu.

Katika jimbo la Wyoming, nchi ya Marekani, uko mji mdogo uitwao Kemmerer, wenye watu wapatao 2,400. Tangu zamani wameishi kwa makaa ya mawe: wengine wakiyachimba, wengine wakifanya kazi katika mtambo wa umeme wa Naughton, ulio jirani. Mwaka 2021 kampuni ya TerraPower ilitafuta mahali pa kujenga mtambo wa atomi wenye nguvu ya megawati 345. Miji minne yenye mitambo ya makaa ilipimwa: Kemmerer, Glenrock, Gillette na Rock Springs. Mwezi wa Novemba Kemmerer ukachaguliwa, na Juni 2024 ujenzi ukaanza.

Kwa nini penye makaa? Kwa sababu nyaya za umeme zipo, maji yapo, barabara zipo, na wafanyakazi waliozoea mitambo wapo. Mwaka 2022 Wizara ya Nishati ya Marekani ilihesabu mahali 157 pa mitambo iliyofungwa na 237 pa mitambo iliyokuwa ikifanya kazi. Ikaona kwamba asilimia 80 pangefaa kwa mitambo midogo ya atomi. Kutumia vilivyopo kungeweza kupunguza gharama ya ujenzi kwa asilimia 15 hadi 35.

Basi, je, shauri limekwisha? La. Mhandisi huuliza: Panafaa? Dhamiri huuliza: Ni haki?

Mtu mmoja atasema: «Watu hawa wamevuta moshi miaka mingi, mbona mwawaongezea mzigo mwingine?» Neno lake lina uzito. Lakini mtambo wa makaa ukifungwa bila kitu kingine, baba hukosa mshahara na mji hufa. Tena atomi haitoi moshi ule. Wote wakikataa, moshi utabaki juu ya kichwa cha mtu fulani.

Walakini tujihadhari. Mwenye njaa akisema «ndiyo», je, amechagua, au njaa imechagua kwa ajili yake? Tena Marekani haijapata mahali pa kudumu pa kuzika mabaki ya kuni za atomi; hukaa pale pale mitamboni. Achaguaye mahali pa mtambo amechagua pia mahali pa mabaki, na watoto wasiozaliwa bado hawana sauti barazani.

Sisi wa Kongo twayajua haya. Uraniamu ya Shinkolobwe, katika Katanga, ilipelekwa Marekani kwa siri wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikatumika kutengeneza bomu la Hiroshima mwaka 1945. Wachimbaji hawakuulizwa neno.

Basi, lipi ni haki? Kwanza, wenyeji waambiwe kweli yote, faida na hatari. Pili, waweze kukataa bila kuachwa na njaa. Tatu, kazi iwe yao kabla ya wageni. Nne, wanaotumia umeme huo mbali walipe pia ulinzi wa mabaki.

Mwenye kuchagua na ajiulize: Ningejenga nyumba yangu hapo, na kuwalea wanangu? Akisita kujibu, mzigo ule si usufi.