Siku ya Tatu ya Mgeni

Tuchukue mfano wa mtumishi wa mojawapo ya idara za Muungano, mzaliwa wa Pemba, aliyepangiwa kazi Mpanda. Miezi yote ya kazi mji huo haumsumbui, kwani aghalabu hauoni. Hutoka nyumbani kwake Makanyagio asubuhi, akaingia ofisini, akarudi jua likichwa. Kisha inafika Idi, na siku alizopewa hazitoshi safari: treni haitoki Mpanda kila siku, na hata akifika Dar es Salaam bado pana bahari ya kuvuka. Inambidi abaki. Ofisi imefungwa, kanzu mpya ameivaa, swala imekwisha, na sasa amesimama mbele ya mji usio na ufuo, hajui aelekee wapi.

Hapo ndipo swali linapozaliwa, nalo ni la maadili kuliko la starehe. Je, mtu ana wajibu wowote wa kuupenda mji ambao hakuuchagua? Na akiupenda, huwa amewanyang'anya kitu wale aliowaacha kwao?

Jamaa watampigia simu kumpa mkono wa Idi, na watamwambia kuwa atazoea. Ni neno la huruma, lakini halitoshi. Kuzoea, hata mfungwa huzoea. Mtu huzoea vumbi la kiangazi, akazoea migebuka ya Ziwa Tanganyika badala ya nguru na kolekole, na bado kila tonge akawa analipima kwa mizani ya kwao. Mwenye kupima hivyo hakionji chakula kilicho mbele yake. Anaonja upungufu wa kile kisichokuwapo. Kuthamini ni kazi nyingine. Kunamtaka aulize kwanza kitu hiki ni nini chenyewe, kabla ya kuuliza kinafanana na nini. Migebuka iliyobanikwa ina ladha yake, na wapo watu wa Kigoma na Karema walioko ugenini wanaoililia kama yeye anavyomlilia nguru.

Lugha yenyewe imeliona tatizo hili kabla yetu. Nyumba mtu huiita yangu, na akiwa na chumba husema njoo kwangu. Lakini mji wa asili hauitwi kwangu. Huitwa kwetu, hata na yule aliyezaliwa peke yake. Neno hilo halitamkiki bila kuwaingiza wengine ndani yake. Kwa hiyo mgeni hawezi kuufanya mji uwe kwao kwa nia yake tu, hata aitakase nia hiyo namna gani. Sharti pawe na watu watakaomhesabu.

Upande wa pili ipo hofu. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, na Mwambao umeirudia methali hiyo mpaka imekuwa kama amri. Mpemba wetu huenda anauchukia mji kidogo kwa makusudi, ili awe na uhakika kwamba hajaisahau Pemba. Chuki hiyo anaihesabu kuwa ni uaminifu.

Mpanda ni mji uliozoea wageni. Tawi la reli litokalo Kaliua, kilomita 210, lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, na likakamilika mwaka 1950. Mgodi haukudumu, watu wakabaki. Penye Wabende, Wakonongo na Wapimbwe waliingia Wafipa, Waha na Wasukuma, kila kundi kwa wakati wake. Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulipotengwa na Rukwa, Mpanda ikawa makao makuu yake, na ofisi zikaleta watumishi.

Lakini ushahidi mzito zaidi uko Katumba na Mishamo, mkoani humo humo, walikowekwa wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980. Kitabu chake cha mwaka 1995 kinaonyesha jinsi watu wa Mishamo walivyoihifadhi Burundi katika masimulizi yao, wakakuhesabu kukaa kwao kuwa ni kwa muda tu. Ilhali wenzao wa Kigoma walijichanganya na watu wa mji hata asili yao isitambulike kwa urahisi. Mtu angeharakisha kuhukumu kwamba wa Mishamo ndio waaminifu na wa Kigoma ndio wasahaulifu.

Miaka ikapita. Serikali ya Tanzania ikawapa wakimbizi hao wa 1972 hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia. Wa Katumba na Mishamo, pamoja na wa Ulyankulu mkoani Tabora, wapatao 162,000 walikubaliwa mwaka 2010. Mpango wa awali uliwataka raia hao wapya wayahame makazi na kutawanyika mikoa mingine. Wengi hawakutaka kuondoka. Mpango ukaachwa, na vyeti vilipotolewa kuanzia mwaka 2014, waliruhusiwa kubaki pale pale.

Hapa pana la kutafakari. Vinywa vilikuwa vimesema kwa muda mrefu kwamba hapa si kwetu. Mikono ilikuwa ikisema jingine kwa karibu miaka arobaini, kila msimu wa mihogo, kila mwembe uliopandwa, kila kaburi lililochimbwa. Wala Burundi haikufutika kwa hayo. Isidhaniwe kwamba uhamisho wa mtumishi na ukimbizi ni kitu kimoja. Mwenye nauli ya kurudi asijifananishe na aliyekimbia kuuawa. Lakini kama watu waliopoteza kiasi hicho waliweza kuzibeba nchi mbili, udhuru wa Mpemba wetu unapungua uzito.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kumfukuza mtu kwa adabu. Yafaa isomwe upya: jembe hapewi mtu anayetazamiwa kuondoka alfajiri. Kumpa jembe ni kumkubali kwamba atakuwapo mvua zikinyesha. Basi wajibu wa mgeni hauwezi kuwa kuupenda mji, kwani mapenzi hayaamrishwi. Ni kukaa mahali ambapo jembe linaweza kumfikia. Aliyejifungia ndani na picha za Wete halimfikii. Halimfikii pia yule anayeikimbilia Hifadhi ya Katavi akawatazame viboko wakisongamana katika Mto Katuma, akarudi akidhani ameijua nchi. Aende, viboko wale ni wa kuonwa. Lakini huko huko, karibu na Ziwa Katavi, upo mkwaju ambao wenyeji husema ni makao ya roho wa Katabi, na huacha sadaka chini yake. Si lazima aamini. Akiishusha sauti yake apitapo, atakuwa amejifunza kitu ambacho viboko hawakumfundisha.

Turudi kwenye Idi ile. Tuseme amejipikia pilau, ikawa nyingi mno kwa mtu mmoja, akaifunika sahani na kuipeleka kwa jirani, Mkonongo, Mkristo, ambaye kwa miezi saba wamekuwa wakisalimiana kwa mkono wa mbali. Jioni mlango unabishwa. Ni mtoto wa jirani, na sahani haikurudi tupu: ina kipande cha sega la asali ya msituni.

"Shikamoo, baba. Mama kasema kesho tunakwenda shamba kung'oa karanga. Kama huna kazi, twende."

Mpemba anaitikia marahaba, kisha anavitazama viatu vyake vya Idi.