Kwangua Kwanza, Ndipo Upake

Andiko: Mambo ya Walawi 14:33–48, Ezekieli 13:10–15



Mvua ya Aprili ilipoanza, ukuta wa nje wa nyumba yetu ulianza kumwaga mchanga, ule upande unaopigwa na mvua. Watoto wakipita wanauchokoa kwa kidole. Kila asubuhi mama watoto anafagia rundo la vumbi chini ya dirisha. Mimi nimesomea biashara, kwa hivyo nikapiga hesabu haraka. Kupiga plasta upya ni simiti, mchanga, fundi na kibarua wake siku kadhaa. Kupaka rangi ni ndoo mbili na Jumamosi moja. Nikachagua ndoo mbili. Ushirika wa nyumbani ulipokuja kwetu, watu wakasema, "Pasta, nyumba inang'aa!" Nikaitikia amina.

Kabla Juni haijaisha, rangi ilivimba kama malengelenge, kisha ikabanduka vipande vipande, na kila kipande kilitoka na plasta mgongoni.

Nikaita fundi, mzee wa makamo. Hakuniuliza habari ya rangi. Alishika nyundo akaanza kugonga ukuta polepole. Ko, ko, ko. Halafu, bu, bu. "Pasta, unasikia? Hapa plasta imeachana na jiwe." Akakwaruza kwa ufunguo, mchanga ukamwagika. Akanieleza: simiti ilikuwa kidogo, mchanga ulikuwa na udongo, na ilipopigwa hakuna aliyeimwagilia maji, jua likaimaliza kabla haijashika. Tena sisi wenyewe tulirundika udongo wa maua mpaka juu ya msingi, unyevu ukawa unapanda ukutani.

Wapendwa, wakati huo nilikuwa na ukuta mwingine. Nilikuwa na mikopo mitatu ya simu ambayo mke wangu hakuijua. Wa pili niliuchukua kulipa wa kwanza, na wa tatu kulipa wa pili. Na Jumapili nilisimama madhabahuni, tai imenyooka, nikawafundisha uwakili. Hizo ndizo ndoo zangu mbili za rangi. Pasta wetu mkuu anajua, na mke wangu ameniruhusu niandike haya.

Sasa tazama Walawi 14. Mungu anawapa Israeli sheria ya nyumba yenye ukuta mgonjwa. Ona hatua zake.

1. Mwenye nyumba ndiye anayekwenda kusema (mstari wa 35). Hangoji kuhani apite njiani agundue. Anakwenda mwenyewe: nadhani nyumbani mwangu kuna tatizo. Hajui hata ni kubwa kiasi gani, lakini anasema. Mimi nilingoja mpaka ujumbe wa deni ukaingia simu ikiwa mkononi mwa mke wangu. Usingoje hapo.

2. Kuhani anaangalia kina. Anauliza kama doa limezama kuliko uso wa ukuta (mstari wa 37). Hiyo ndiyo nyundo ya fundi wetu. Dhambi nyingi zina uso mzuri. Ukigongwa kidogo na swali, "Pesa ilienda wapi? Jana ulikuwa na nani?", je, unalia ko au unalia bu?

3. Kilichooza kinakwanguliwa na kutupwa nje ya mji (mstari wa 40 na 41). Hapa ndipo panauma. Nilidhani ni kipande cha mita moja. Fundi alishika patasi, akafuata ile sauti ya bu mpaka ikaisha, na karibu nusu ya ukuta ikalala chini. Nyumba ilionekana mbaya kuliko mwanzo. Majirani waliona! Toba ya kweli iko hivyo, kwa muda utaonekana mbaya kuliko ulipokuwa unajificha. Lakini sikia hili pia: palipolia ko, fundi hakupagusa. Mungu habomoi kizuri ndani yako. Anafuata kilichokufa tu.

4. Mawe mengine, udongo mwingine (mstari wa 42). Fundi alipiga brashi vumbi lote, akalowesha jiwe, akarusha simiti nyepesi kwanza ili plasta ipate pa kushika. Kisha akapiga plasta, simiti sehemu 1 kwa mchanga safi sehemu 4. Udongo wa maua tukauondoa. Halafu akanipa mimi kazi: "Mwagilia asubuhi na jioni, siku 7. Simiti haipati nguvu kwa kukauka, inapata nguvu kwa kunywa maji." Nyumbani pia tunamwagilia. Kila jioni mimi na mke wangu tunafungua simu yangu pamoja, tunasoma jumbe zote za pesa. Mkopo mmoja umeisha, miwili tunalipa.

Ezekieli 13 inatuhusu sisi wahubiri zaidi. Watu walijenga ukuta dhaifu, na manabii badala ya kuugonga wakaupaka chokaa, wakawaambia kuna amani hali haikuwepo. Mungu akasema mvua itakuja, mawe ya barafu na upepo, na msingi utaonekana. Mvua haina heshima kwa rangi. Mshirika akikuletea ufa wake, usimpake neno tamu haraka haraka ili aende. Gonga kwa upendo, kaa naye akikwanguliwa, kisha msaidie kumwagilia.

Wiki hii chagua mtu mmoja mcha Mungu, umwambie ile sehemu inayolia bu. Leo, kabla ya mvua nyingine.

Tuombe: Bwana Yesu, gonga ukuta wangu. Kilichokufa kitoe, hata majirani wakiona. Nipe subira ya siku za kumwagilia. Amina.