Bingwa Asiyepimwa Tena

Tarehe 28 Mei 2022, katika uwanja wa Mugello nchini Italia, wakuu wa mbio za pikipiki za dunia walimwita Valentino Rossi mbele ya umati wakaistaafisha namba yake. Tangu siku hiyo hakuna mwendeshaji wa MotoGP anayeruhusiwa kubandika 46 kwenye pikipiki yake. Baba yake, Graziano, aliitumia namba hiyo alipokuwa akishindana. Mwana akaipokea, akaibeba misimu 26, akashinda nayo mbio 115 na ubingwa wa dunia mara 9. Sherehe ilikuwa nzuri, na machozi ya watu yalikuwa ya kweli. Lakini kilichostaafishwa siku ile ni namba. Mwenyewe alikuwa ameshahamia kwenye magari ya mbio, na nyumbani alikuwa na binti ambaye hata miezi mitatu alikuwa hajatimiza.

Basi bingwa anapostaafu, ni nini hasa kinachokoma? Mikono haikomi. Jicho lililozoea kuisoma kona kabla ya kona yenyewe kuonekana halifungwi kwa sababu mtu ametia sahihi karatasi. Ustadi wa miaka 26 hautoki mwilini kwa sherehe moja. Nadhani kinachokoma ni kipimo, na kipimo ni kitu kikubwa kuliko tunavyofikiri.

Tufikirie mwendeshaji wa mbio anavyoishi. Kila anapopita mstari, saa inamwambia yeye ni nani, na inamwambia kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Sisi wengine hatulijui jibu la namna hiyo. Mwalimu haambiwi jioni kwamba leo amefundisha vizuri kuliko jana kwa sehemu 84 za elfu. Mzazi hapewi orodha ya wazazi wa kata yake ikiwa na nafasi yake pembeni. Tunakwenda kwa kubahatisha, tunangoja miaka, na pengine tunakufa bila kujua. Bingwa wa mbio amesamehewa mashaka hayo tangu utotoni. Swali ambalo linatukosesha usingizi, yeye hujibiwa mara 25 kwa alasiri moja. Kisha siku moja saa inazimwa, naye anarudi katikati yetu akiwa hajazoea giza ambalo sisi tumezaliwa nalo.

Ndiyo maana wengi hawaachi kwa wakati. Ushindi wa mwisho wa Rossi ulikuwa Assen, Juni 2017. Aliendelea kushindana misimu minne zaidi bila kushinda, na katika mbio zake za mwisho, Valencia, tarehe 14 Novemba 2021, akamaliza wa 10. Wapo waliosema alijichelewesha na kujivunjia heshima. Mimi sioni hivyo. Mtu anayekubali kuwa wa 10 mbele ya watu waliomzoea akiwa wa kwanza anakipenda kitu kingine zaidi ya cheo. Sina hakika kama ni kuendesha kwenyewe au ni ile saa.

Casey Stoner, Mwaustralia, alifanya kinyume chake. Mei 2012, akiwa bingwa wa dunia, alitangaza mjini Le Mans kwamba msimu ule ukiisha ataacha. Oktoba akashinda nyumbani kwao, Phillip Island, kwa mara ya sita mfululizo. Ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 27. Kisha akaenda zake, akakaa na mkewe na mtoto, akawa na wakati wa kuvua samaki. Watu walikasirika. Ile hasira imenishughulisha kwa muda mrefu, kwa sababu hakumwibia mtu kitu. Nadhani walihisi kwamba amewanyima haki ya kuendelea kumpima. Bingwa akishuka kwa sababu ameshindwa, tunamhurumia, na mambo yanabaki katika mpango tunaoufahamu. Akishuka akiwa bado anaweza, ametuambia kwamba mizani yetu si mahakama yake, na hilo watazamaji hawalimezi kirahisi.

Lakini kuacha mapema si dawa ya kila mtu. Gary Hocking alilelewa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, na mwaka 1961 akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za sisi 350 na za sisi 500. Juni 1962, katika mbio za kisiwa cha Man, rafiki yake Tom Phillis aliuawa akijaribu kwenda sambamba na waliokuwa mbele, na Hocking alikuwa mmoja wa hao wa mbele. Hocking akamaliza wiki ile, akashinda mbio kubwa ya kisiwani, kisha akasema basi. Akarudi Afrika. Kilikuwa kitendo cha mtu mwenye moyo, na mpaka hapo kinaeleweka. Lakini akaingia kwenye mbio za magari, na Desemba 1962, akijiandaa kwa Natal Grand Prix karibu na Durban, gari lake likatoka njiani naye akafa. Alikuwa na miaka 25. Hatari aliikimbia, ila kipimo hakukiacha, na kipimo kikamrudisha kwenye hatari kwa mlango mwingine.

Aristotle, katika Metafizikia, aliyatenga matendo ya binadamu makundi mawili. Kuna tendo ambalo lengo lake liko nje yake, kama kujenga nyumba, kujifunza jambo, kupona ugonjwa. Wakati unajenga, nyumba haijawa. Ikishakuwa, kujenga kumekwisha. Tendo la namna hii linajiua kwa kufaulu. Na kuna tendo ambalo halina haja ya kungoja mwisho ili litimie, kama kuona, kufikiri, kuishi vizuri. Anayeona ameshaona, na anaendelea kuona.

Mbio ni za kundi la kwanza. Ukivuka mstari umeshinda, na ushindi huo tayari ni wa jana. Lazima utafute mwingine Jumapili ijayo, na mwingine tena, mpaka mwili ukatae. Kuendesha ni kwa kundi la pili. Kuinama kwenye kona na kuisikia tairi ikishika ardhi ni tendo lililotimia pale pale, saa iwepo isiwepo. Shida ya bingwa ni kwamba mambo hayo mawili yameishi katika mkono mmoja, katika sekunde moja, tangu akiwa mtoto. Siku ya kustaafu yanatenganishwa kwa mara ya kwanza. Na kama la pili alilijua kupitia la kwanza tu, ataona kama vyote viwili vimekufa.

Hapo ndipo nawaza habari za Mbooni, Makueni, nchini Kenya, ambako wapo waendeshaji wasio na saa ya kuwapima. Milima ya Mbooni imesimama juu ya nyanda kavu za Ukambani, na watu wake wameikata miteremko hiyo matuta kwa mikono, kizazi baada ya kizazi, vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, vikichimba mtaro na kuutupa udongo juu. Juu kuna Kikima, kuna msitu, kuna kahawa, ndizi na avokado. Chini kuna Tawa, na ukiendelea kushuka kuelekea Kalawa joto linakupokea. Kati ya juu na chini kuna njia za udongo mwekundu, na kwenye njia hizo kuna vijana wa bodaboda. Tangu serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo, karibu na mwaka 2008, wao ndio miguu ya milima hiyo. Hubeba mgonjwa, mwanafunzi, gunia, hata jeneza.

Mtazame mmoja wao akishuka asubuhi baada ya mvua ya Novemba. Nyuma yake amekaa mama, na nyuma ya mama gunia la avokado limefungwa kwa mpira. Hazimi injini ili aokoe petroli, kama wafanyavyo wasiojali. Anaweka gia ya pili na kuiacha injini yenyewe iishike pikipiki. Breki ya mbele haigusi, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza kwenye udongo ule hakuna anayeliokoa. Anagusa ya nyuma kwa ncha ya kiatu, anaachia, anagusa tena. Macho yake hayako kwenye tope lililo chini ya gurudumu. Yako mbele, kwenye kile kiukanda chembamba ambako maji yameshapita na changarawe imebaki wazi. Mama akiegemea upande usiofaa, anamwambia bila kugeuka, “Mama, kaa wima, kona niachie mimi.” Naye mama anamjibu, “Pole pole, mwanangu.” Uzito wa gunia ameshaujua tangu lilipopakiwa, kwa jinsi springi zilivyozama.

Sheria za maumbile zilizomshikilia Rossi pale Mugello ndizo zinazomshikilia kijana huyu, na umakini unaotakiwa ni ule ule. Tofauti ni kwamba hapa hakuna saa. Safari bora kabisa ya Mbooni haina habari ya kusimuliwa. Mama ameshuka Tawa, amelipa, ameingia sokoni, na hakuna aliyejua kwamba pale chini ya kona ya tatu palifanyika jambo ambalo watu wachache sana duniani wanaliweza. Kijana amegeuza pikipiki na kupanda tena. Maisha ambayo bingwa huyaogopa, maisha ya ustadi usioandikwa popote, huyu ameyaishi tangu siku aliyokaa kwenye kiti.

Sitaki kuyapamba maisha yake. Ana vipimo vyake, na ni vikali: deni la pikipiki linalolipwa kila siku, bei ya petroli, mvua isiyokuja. Akianguka hana daktari wa timu. Na kuna jambo ambalo bingwa analo yeye hana, nalo ni mwisho. Hakuna tarehe wala mkutano wa kutangaza. Mgongo unaanza kuuma, macho yanachoka usiku, anapunguza safari za mbali, kisha anapunguza za karibu, halafu siku moja kijana mwingine amekaa mahali pake stejini na hakuna anayekumbuka ni lini hasa aliondoka. Ustadi mkubwa umepita bila mtu kuukiri, na mimi naona hilo ni dhuluma, ingawa hakuna aliyekusudia kuitenda.

Ukambani imewahi kuwa na mabingwa waliopimwa na dunia nzima, ila wao walikimbia kwa miguu. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Mtoto wake aliyezaliwa siku chache kabla ya ushindi wa kwanza aliitwa Gideon Boston. Benson Masya, mzaliwa wa Kitui, aliyewahi kuwa bondia, akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni, Newcastle, 1992. Alifariki 2003, akiwa na miaka 33. Patrick Makau aliweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2011, saa 2:03:38, na miaka miwili baadaye, kwenye barabara zile zile, Wilson Kipsang akaipunguza kwa sekunde 15. Nikiwaza habari zao naona jinsi jina linavyobaki na mtu akasahaulika nyuma yake. Watu wanajua mwaka, wanajua dakika, kisha ukiwauliza bingwa aliamkaje asubuhi baada ya mbio kwisha, wananyamaza.

Mike Hailwood ndiye anayenisumbua katika hoja yangu. Mwingereza huyu alikuwa bingwa wa dunia wa pikipiki mara 9. Aliondoka kisiwa cha Man mwaka 1967, akaenda kwenye magari, akavunjika mguu vibaya, akastaafu. Mwaka 1978, baada ya miaka 11, alirudi kisiwani akiwa na miaka 38, akashinda. Akashinda tena 1979. Ningependa kusema alirudia kuendesha tu wala hakurudia saa, lakini siwezi kusema hivyo kwa uaminifu, maana alirudi mahali ambapo saa ni kali kuliko kwingine kote. Pengine alitaka kipimo kimwage kwaheri vizuri, kwa sababu mara ya kwanza hakikufanya hivyo. Hapo naanza kuamini kwamba mwisho unaoonekana si anasa ya mabingwa. Mtu aliyefanya jambo gumu kwa miaka anahitaji watu wengine washuhudie kwamba lilifanyika, kisha ndipo aweze kuishi bila kushuhudiwa.

Turudi Mbooni. Steji nyingi za bodaboda zina vyama. Vijana huchanga kila siku, na mchango huo hulipa hospitali na matanga. Ningewaomba wanachama wa steji za Kikima na Tawa waongeze jambo moja katika kanuni zao. Mwenzao aliyebeba watu miaka 15 au 20 anapotaka kuweka funguo chini, apange tarehe, na tarehe hiyo itangazwe kanisani na sokoni. Waje abiria wake, hasa kina mama waliobebwa usiku kwenda kujifungua, nao waseme walikobebwa na ilikuwa mvua ya namna gani. Chama kimpe mtaji wa kuanzia, iwe miche ya avokado au duka la vipuri. Na kwa mwezi mmoja kabla ya kuondoka, alipwe kwa siku ili awakalishe vijana wapya nyuma ya pikipiki yake na kuwashusha nao mteremko ule wa tope, gia ya pili, breki ya mbele bila kuguswa.