Je, Ni Dhambi Kufurahia Kahawa Nzuri?

Wako Wakristo wanaofikiri ya kwamba kila raha ni jirani ya dhambi. Wakimwona mtu anakunywa kahawa polepole na kuisifu harufu yake, husema: "Huyu anatumikia tumbo." Tena katika nchi yetu ya Fizi na Baraka, ambako vita imewafukuza wengi mashambani mwao, neno hilo laonekana kuwa la haki. Basi tulichunguze.

Kwanza tujue kahawa yenyewe. Mkahawa wa arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, nchi ambayo wazee waliiita Uhabeshi. Huko wakulima wengi hawaliondoi ganda la tunda kwa maji. Huchuma matunda mekundu yaliyoiva, huyaanika mazima juu ya vichanja kwa majuma kadhaa, huyageuza mara nyingi kwa siku, na kuyafunika mvua ijapo. Wakizembea, matunda huota ukungu. Wakiyaangalia vema, kahawa hupata utamu wa tunda, na mkaangaji mdogo, anayekaanga kilo chache kwa mara moja, huulinda utamu huo usiungue. Nchini Kenya kahawa iliyokaushwa hivyo huitwa buni, na kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini, maana mara nyingi hutokana na matunda yaliyobaki. Njia ni moja. Tofauti ni uangalifu.

Je, mtu akionja utamu huo, anaonja nini? Anaonja kazi ya Mungu na uangalifu wa mkono wa mwanadamu. Mtume Paulo amfundisha Timoteo ya kwamba viumbe vya Mungu ni vyema vikipokelewa kwa shukrani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye asema ya kwamba kukataa furaha halali pasipo sababu ni kilema, kama kupita kiasi kulivyo kilema. Hata Yuda alipoyalalamikia marhamu ya thamani, akiwataja maskini, Bwana alimtetea yule mwanamke.

Lakini moyo wa Yuda ulikuwa wa uongo. Maskini hawakuwa wa uongo. Kwa miaka mingi wakulima wa Kalehe na Idjwi walivusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi katika Ziwa Kivu, wapate kuiuza Rwanda, na wengi walizama. Mwaka 2003 wakulima wa Minova waliunda ushirika wa SOPACDI, wapate soko lililo halali. Kunywa jasho la watu hao pasipo kuuliza kama walilipwa, hiyo ndiyo raha ya kipofu. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha ya kwamba kumnyima mtu ujira wake ni dhambi inayolia mbinguni.

Basi jibu letu ni hili: si dhambi kuifurahia kahawa, ila furaha hiyo yadai shukrani, kiasi na haki. Mama akishuka na mzigo wake mpaka soko la Baraka, tusimpunguzie bei hata akarudi mikono mitupu, kisha tukasifu utamu wa tulichokinunua. Tena tusinywe peke yetu. Wahabeshi huwaita jirani, na kahawa ile ile huchemshwa mara tatu. Kikombe cha tatu jina lake ni baraka. Naye aliyeondoka mapema hukikosa.