Je, Dawa Iliyotuliza Ndiyo Iliyoponya?

Wahenga walinena kwamba jogoo awike asiwike kutakucha. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkumbusha mwenye majivuno kwamba dunia haimtegemei yeye. Mimi huiona inafaa pia katika jambo jingine, nalo ni namna tunavyozisifu dawa. Mtu ameumwa kiuno juma zima, siku ya sita akachuliwa, siku ya nane akaamka mzima. Basi sifa zote humwendea mchuaji. Je, tuna haki ya kusema kwamba jogoo ndiye aliyeleta asubuhi? Na kama siye, je, ni vyema kumwacha mgonjwa aendelee kuamini hivyo?

Nimechagua maumivu ya kiuno kwa makusudi. Ni ugonjwa wa mkulima na wa karani, wa dereva na wa mama mbeba ndoo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa nao, na kwamba hakuna maradhi yanayowalemaza watu wengi zaidi duniani kuliko haya. Katika wagonjwa 10, takriban 9 hawaonekani kuwa na kasoro maalumu mwilini inayoweza kunyoshewa kidole. Na mahali ambapo sababu haijulikani, tiba huwa nyingi. Kuna kuchua kwa mafuta ya nyonyo, kukanda kwa maji ya moto, kupiga chuku, vidonge, sindano, mikanda ya kufunga kiunoni, na amri ya kulala kitandani. Kila moja ina mashahidi wake walio tayari kuapa.

Wataalamu wa siku hizi hawakutosheka na viapo. Waliwagawa wagonjwa kwa kura, kundi moja likapewa dawa, na jingine likapewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani yake. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya jaribio la namna hiyo lililofanyika Australia kwa wagonjwa zaidi ya 1,600 walioshikwa na maumivu ya ghafla. Nusu ya waliomeza parasetamoli kila siku walikuwa wamepona kufikia siku ya 17. Nusu ya waliomeza vidonge bandia walikuwa wamepona kufikia siku ya 16. Mwaka 2023, nchini humo humo, dawa kali za jamii ya afyuni nazo hazikushinda vidonge bandia. Kuhusu kulala kitandani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1995 kutoka Helsinki, Finland, ulionyesha kwamba walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona haraka kuliko waliolazwa. Na mwaka 2025 watafiti waliopitia majaribio 301 yaliyohusu tiba 56 zisizo za upasuaji walikuta kwamba takriban moja tu katika 10 ilikuwa na nguvu ya kuizidi tiba bandia, tena kwa kiasi kidogo.

Msomaji atauliza: mbona basi mashahidi ni wengi? Jibu ni kwamba maumivu mengi ya kiuno hupoa yenyewe baada ya majuma machache. Tena mtu hamwendei mganga siku maumivu yanapoanza. Humwendea siku yalipofika kileleni, na aliyefika kileleni hana njia ila kushuka. Lolote atakalopewa siku hiyo litaonekana kuwa ndilo lililomshusha.

Katika miaka yangu ya kusahihisha madaftari nilikutana na mtoto aliyetakiwa kurahisisha 16 juu ya 64. Aliifuta 6 ya juu na 6 ya chini, akabakiwa na 1 juu ya 4. Jibu ni sahihi kabisa, na njia ni mbovu kabisa. Ukimsifu leo, kesho atafuta 3 katika 13 juu ya 39, na hapo atapotea. Mwalimu hana budi kumwambia ukweli siku ile ile alipopata, ingawa ndiyo siku ambayo ni vigumu zaidi kusikilizwa.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Watasema: “Mimi nilikuwa naumwa, sasa siumwi. Hayo ya kura na vidonge bandia yananihusu nini?” Kwa nafsi yake mgonjwa, nakubali kwamba nafuu ni nafuu, na mikono ya mchuaji mwenye huruma ni neema. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kwa wenye maumivu sugu, halikukataa kuchua. Lilikataza mikanda ya kiunoni, kuvutwa mgongo kwa mitambo, na dawa za jamii ya afyuni. Lakini mgonjwa hayuko peke yake katika shauri hili. Yuko pia anayemwuzia, na yuko jirani atakayeambiwa akanunue. Hao ndio wanaodaiwa ukweli.

Ukweli ukikosekana kuna gharama, na fedha ni sehemu tu ya gharama hiyo. Namfahamu mama mmoja mkulima aliyeuza mbuzi wawili anunue mkanda. Muuzaji alimwambia kwamba pingili zake za mgongo zimelika, na kwamba akiinama tena atapooza. Mbuzi waliweza kupatikana tena. Ujasiri wa kuinama haukurudi, na kwa mtu anayeishi kwa jembe la mkono hiyo ni sawa na kuporwa shamba. Ilhali kulika kwa pingili ni kama mvi. Wachunguzi walipokusanya picha za migongo ya watu wasioumwa popote, waliziona dalili hizo kwa watu 37 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20, na kwa watu 96 katika kila 100 wenye miaka 80. Lugha yetu ina busara yake, kwani kupiga chuku ni kuumika mgonjwa, na pia ni kutia chumvi maneno.

Je, basi, tumnyang'anye mgonjwa tumaini ili tumpe ukweli? Kwa muda mrefu wengi walidhani hapana budi kuchagua kimojawapo. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Lisbon, Ureno, walitangaza jambo la kushangaza. Waliwapa wenye maumivu sugu ya kiuno vidonge bandia, wakawaambia waziwazi kwamba havina dawa, na kwamba hata hivyo mwili wa binadamu waweza kuitikia tendo la kutunzwa. Baada ya majuma matatu wagonjwa hao walieleza nafuu kubwa kuliko wenzao walioendelea na matibabu ya kawaida tu. Jaribio lile lilikuwa dogo, wala sijengi nyumba juu yake. Lakini linatosha kuutikisa udhuru wa kale wa waganga na madaktari kwamba bila uongo hakuna faraja.

Mwenye kumtunza mgonjwa kwa haki anayo ya kumwambia. Kwanza, amchunguze kama ana hatari ya kweli: kushindwa kuzuia haja, ganzi katikati ya mapaja, mguu kulegea, homa, au kukonda bila sababu. Hayo ni ya kukimbilia hospitali, kwani hata kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo. Kama hayapo, amwambie: “Unaumwa kweli, lakini mgongo wako haujavunjika. Tembea.” Mwaka 2024 jaribio la Australia la watu 701 waliokwisha kupona lilionyesha kwamba nusu ya waliofundishwa kutembea kwa utaratibu walikaa siku 208 kabla ya maumivu kuwarudia, na nusu ya wasiofundishwa walikaa siku 112. Ushauri huo hauuzwi dukani, na labda ndiyo sababu hauna wapiga debe.

Kwa hiyo naona tusiwakataze watu kuchuliwa wala kukandwa. Tuwatake wanaotibu waseme wanachokijua na waishie hapo. Mgonjwa aliyeambiwa kweli huweza kuvumilia usiku wake, kwa sababu anajua kwamba kutakucha.