Kabati la Marehemu na Fungu la Binti

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, iko dhulma ifanywayo mchana mbele za watu, wala hapana aiitaye dhulma. Nayo ni kugawa mirathi pasi na kujua thamani ya kilichoachwa. Watu huhesabu nyumba, mifugo na fedha za benki, wakifika kwenye vyombo vya nyumbani husema, "Haya ni makukuu tu." Na hapo ndipo haki ya mtu ipoteapo.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Garissa, mzaliwa wa Lamu, amefariki. Ameacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Katika vyombo vyake mna kabati la Kifaransa alilorithi kwa wazee wake wa Lamu. Si ajabu, kwani Ufaransa ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said wa Unguja mwaka 1844, na vyombo vya Ulaya vikaingia katika nyumba za matajiri wa pwani. Yakisha kutolewa gharama za maziko, madeni na wasia, mke hupata thumni, na mwana hupata mafungu mawili ya binti. Hesabu ni nyepesi: mali hukatwa mafungu 8, mke 1, kila binti 1, kila mwana 2.

Sasa apite dalali, atoe shilingi 8,000. Kila binti hupewa 1,000, naye hushukuru. Lakini ikiwa thamani ya kabati lile ni 800,000, basi binti yule amepotewa na 99,000 wala hana khabari. Na mara nyingine hata hiyo 1,000 haioni, kwani kaka mkubwa hulibeba kabati akisema ni ukumbusho wa baba. Je, baba alikuwa wake peke yake? Surat Nisaa, katika aya ya 7, imewathibitishia wanaume na wanawake mafungu yao, mali iwe chache au nyingi. Na akiwa binti yule ni mdogo, basi ni yatima, na aya ya 10 ya sura hiyo hiyo yatosha kumtisha kila mwenye moyo.

Atasema msemaji, "Sisi hatukujua." Ndugu yangu, nenda soko la mifugo la Garissa ukatazame. Hapana mtu pale auzaye ngamia kabla hajafunguliwa kinywa, yakatazamwa meno yake, ikajulikana umri wake na afya yake. Tunaijua thamani ya mnyama kwa kumchungua, kisha tunaiuza mali ya yatima kwa kukisia!

Na kabati nalo lina meno yake. Kanuni za chama cha maseremala wa Paris za mwaka 1743 ziliwataka mafundi wakuu wapige chapa ya majina yao juu ya kazi zao, na desturi hiyo ikadumu mpaka vyama vya mafundi vilipovunjwa mwaka 1791. Basi tafuteni chapa mahali pa siri: mgongoni, chini ya ubao wa juu, au chini ya fremu ya kiti. Penye herufi JME, hiyo ni alama ya chama. Lakini chapa peke yake si hoja ya kukata, kwani yawezekana kughushiwa. Na wako mafundi waliofanya kazi kwa ruhusa ya mfalme ambao hawakulazimika kuipiga. Vuteni droo mtazame maungio yake: yaliyokatwa kwa mkono hayalingani sawasawa. Pitisheni kiganja nyuma ya kabati mkaguse mawimbi ya randa. Mkiona mikwaruzo ya duara, huo ni msumeno wa mashine wa zama za baadaye. Katika karne ya 19 Wafaransa wenyewe walitengeneza kwa wingi nakala za vyombo vya zama za Louis XV na Louis XVI. Nakala nayo ina bei yake, ila kuiuza kwa jina la asili ni ghishi, na ghishi ni haramu kama ilivyo haramu kumpunja mrithi. Wala msilisugue kwa msasa wala kulipaka vanishi mpya kabla ya kuonyeshwa mjuzi, msije mkaiharibu thamani kwa mikono yenu.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, mgawanyo unaohitaji kukadiria thamani hutaka wakadiriaji wawili waadilifu. Basi waitwe wawili wasiokuwa na tamaa ya kununua. Kisha warithi wachague: liuzwe na fedha zigawanywe, au mmoja alichukue awalipe wenziwe mafungu yao kwa bei iliyothibiti. Wakikhitilafiana, mlango wa Kadhi u wazi. Katiba ya Kenya ya 2010 imempa mamlaka ya kuamua mirathi ya Waislamu wanaokubali hukumu yake.

Tena jihadharini na mnunuzi anayetaka kulisafirisha kwa haraka. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kila kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, wala hakitolewi nje pasi na kibali cha Serikali.

Ndugu zangu, marehemu hataulizwa tena juu ya kabati lile. Tutaulizwa sisi tulioligawa. Usiliondoe mahali pake mpaka umejua ni kitu gani, na mpaka dada yako amejua kama ujuavyo wewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutimiza amana, atuepushe na kula haki za wanyonge, na awarehemu wazee wetu waliotangulia. Amin. Wallahu aalam.