MKUYU WA KANDO YA NJIA

Mwinjili Luka atueleza habari za Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, mtu tajiri lakini mfupi wa kimo. Alitamani kumwona Bwana wetu akipita, akashindwa kwa wingi wa watu. Basi akatangulia mbio, akapanda mkuyu uliokuwa karibu na njia. Juu ya toba ya mtu yule tumehubiriwa mara nyingi. Juu ya mkuyu hatujasikia neno. Walakini alikuwapo mtu aliyeuacha mti ule usimame watu walipoitengeneza njia ile, wala hakujua kwamba siku moja ungembeba mwenye dhambi akutane na Mwokozi wake.

Twaikumbuka habari hii tukiwafikiria ndugu zetu wa Manchira, katika mkoa wa Mara. Huko wilayani Serengeti mto Manchira umezuiwa kwa bwawa liwapatialo maji watu wa Mugumu, makao makuu ya wilaya. Maji hayafiki bombani pasipo mitaro kuchimbwa. Tena barabara itokayo Makutano, kupitia Butiama na Nata, hata Mugumu, imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande. Kila kazi ya namna hii yataka nafasi, na mara nyingi penye nafasi pana mti.

Tusianze kwa kuzilaumu kazi hizi. Mama apelekwaye hospitali usiku, naye yu katika uchungu wa kuzaa, hawezi kuambiwa akwame matopeni kwa sababu sisi twapenda kivuli. Kumnywesha mwenye kiu ni tendo la huruma tulilofundishwa tangu utotoni katika katekisimu. Na yeye afukiaye bomba ardhini awanywesha watu wengi kuliko sisi tulio na kikombe kimoja mkononi. Mwenye kuupenda mti hata amnyime jirani maji, huyo hajaupenda mti kwa ajili ya Mungu.

Lakini wako wadhanio kwamba mti ni adui wa bomba. Hapo wamekosa sana. Marehemu Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, ameandika habari za mkuyu uliokuwa karibu na kwao, kijijini Ihithe, upande wa Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti palikuwa na kijito, naye mtoto alikuwa akicheza majini. Aliporudi kutoka masomoni ng'ambo alikuta mti umekwisha katwa na mwenye shamba, apate nafasi ya kupanda chai. Na kijito kilikuwa kimekauka. Wazee wale hawakujua kusoma vitabu vya elimu ya maji, lakini walichokilinda walikijua.

Basi na Manchira ni vivyo hivyo. Bwawa ni chombo tu. Kilijazacho ni mvua ipenyayo udongoni taratibu, na udongo hushikwa na mizizi. Mlima ukivuliwa miti, mvua hushuka kwa kasi pamoja na matope yake, nayo matope hutuama chini ya bwawa mwaka hata mwaka, mpaka palipokuwa na kina pawe kama sahani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Wengi huichukia sheria hii kwa kuwa shamba la bondeni lina rutuba. Lakini mtu akataye miti ya ukingoni achome mkaa, kisha alalamike kwamba bomba la mjini halitoi maji, analalamikia kazi ya mikono yake mwenyewe.

Tufanyeje, basi, mti na kazi vikutanapo? Maandiko Matakatifu yana shauri lenye busara. Katika Kumbukumbu la Torati Waisraeli walikatazwa, hata wakiuzingira mji vitani siku nyingi, kuitia shoka miti izaayo chakula. Miti mingine waliruhusiwa kuikata, wajengee boma. Mungu hakuwakataza kukata kabisa, wala hakuwapa ruhusa ya kukata yote. Aliwataka wautazame mti kwanza, waujue ni mti gani. Na kama sharti hili liliwabana watu wenye vita, je, halitubani sisi wenye amani, tulio na muda wa kupima na kuchora?

Mfano wa siku hizi tunao Nairobi. Ilipojengwa barabara kuu ya juu, yapata kilomita 27, ulikutwa mkuyu mkubwa Waiyaki Way, penye Westlands, mti wa miaka ipatayo 100, ambao Wagikuyu huuita mugumo. Ilikusudiwa uondolewe. Watu wakapiga kelele, na mwezi wa Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru usiguswe. Barabara ilifunguliwa mwaka 2022, na magari yanapita. Lakini tusisifu mno: miti mingine mingi ya njia ile iliangushwa, nayo haikuwa na Rais wa kuisemea. Mti mmoja uliokolewa kwa amri, wakati kazi imekwisha anza. Ingefaa yote ipimwe kabla, juu ya karatasi, maana kupinda mstari kwa kalamu ni kazi ya dakika moja.

Hapa ndipo twapenda kusema wazi. Saa ya kuutetea mti si saa ile tingatinga liko mlangoni. Ni siku ile mkutano wa kijiji unapoitwa kusikia habari za mradi. Siku ile viti huwa vitupu. Sisi Wakristo tumo sokoni, kisha mti ukianguka twalia. Nendeni mkutanoni. Ulizeni mtaro utapita wapi. Mwambieni fundi, kwa adabu, kwamba mizizi mingi ya mti haiendi chini sana kama watu wadhanivyo. Hukaa katika udongo wa juu, isizidi sana mita moja, nayo hutambaa kupita kivuli cha matawi. Mtaro ukichimbwa karibu na shina, mti hausemi kitu siku ile. Husimama mwaka, pengine miwili, kisha huanguka siku ya upepo juu ya nyumba ya mtu. Afadhali kuchimba kwa jembe kando ya mizizi mikubwa na kulipitisha bomba chini yake, au kuhamia upande wa pili wa njia.

Sisi nasi tuna makosa yetu. Kwa kanuni za sheria ya barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na ya mkoa ni mita 30 kila upande toka katikati. Nasi twapanda humo miembe, tukijua au tukijifanya hatujui, kisha twadai fidia. Wengine hupanda mkuyu juu ya bomba, na mizizi ya mkuyu hupenda maji kuliko sisi. Wengine hupanda mikaratusi penye chemchemi kwa sababu yakua upesi.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliiita dunia nyumba yetu ya pamoja. Katika nyumba ya pamoja mwenye kuvunja ukuta huwauliza wenzake kwanza. Na ukuta ukiwa hauna budi kuvunjwa, hujengwa mwingine. Uko mti ambao lazima uanguke, nasi tusiufanyie ukaidi. Lakini pale utakapoangukia mmoja, parokia iwe na miche yake tayari katika kitalu, ya asili ya nchi ile, na watoto wa shule wamekwisha onyeshwa mahali pake, mbali na bomba, mbali na nyaya, nje ya hifadhi ya barabara. Mvua za vuli zikianza, mashimo yawe yamekwisha chimbwa.